SMIG ya faranga 21,500: Lubumbashi na Kolwezi, vijana wenye diploma wangali mlangoni

Maduka ya fotokopi yaliyo njiani kuelekea Kasapa, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ndiyo ofisi ya kwanza ya kazi kwa vijana wengi wa mji huu. Hapo ndipo dosie zinatengenezwa: barua ya kuomba kazi, nakala ya diploma, kadi ya mpiga kura, kadi ya ONEM. Hapo pia matangazo ya kazi yanabandikwa, moja juu ya lingine, na mengi yana mstari ambao kijana anautafuta kwanza, hata kabla ya kujua kazi iko wapi: uzoefu wa miaka miwili, miaka mitatu, wakati mwingine mitano. Anayetoka chuoni mwezi uliopita anausoma, anakunja karatasi zake, na bado analipa nakala kumi. Huwezi kujua, labda watamwita.

Tangu Januari 2026 kuna hesabu mpya nyuma ya mstari huo. Mshahara wa chini kabisa ambao sheria inaruhusu katika Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ule unaojulikana na wote kwa jina la SMIG, umefika faranga 21,500 kwa siku. Ulikuwa 14,500 tangu Mei 2025, na kabla ya hapo ulibaki 7,075 kwa muda wa miaka saba tangu agizo la Mei 2018. Kwa mfanyakazi ni habari njema iliyochelewa. Kwa mwenye kampuni ndogo ya Kolwezi au Likasi ni tarakimu inayomkosesha usingizi. Na kwa kijana ambaye hajawahi kuandikwa kazi mahali popote, jibu si rahisi namna hiyo.

Kwanza, kuchelewa kwenyewe. Mwaka 2018, wakati kiasi cha 7,075 kilipowekwa, dola moja ya Marekani ilikuwa karibu faranga 1,600. Maana yake mfanyakazi wa ngazi ya chini alilipwa zaidi kidogo ya dola nne kwa siku. Mwanzoni mwa 2025 dola ilikuwa imepita faranga 2,800, na zile 7,075 zilikuwa zimebaki kama dola mbili na nusu. Hakuna mwajiri aliyepunguza mshahara wa mtu. Faranga ilijipunguza yenyewe, mwezi kwa mwezi, huku mfuko wa unga wa mahindi ukifuata dola, sababu unga mwingi wa Katanga unatoka ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Sendika zililia kwa miaka. Mwishowe serikali, Ephraïm Akwakwa akiwa Waziri wa Kazi, ilikubali kupandisha kwa hatua mbili ili waajiri wapate nafasi ya kupumua.

SMIG si mshahara wa mfagiaji peke yake. Ni ngazi ya chini ya ngazi zote. Sheria ya Kongo inapanga wafanyakazi kuanzia kibarua wa kawaida, kupanda kwa fundi aliyehitimu, msimamizi, hadi kada, na kila daraja linahesabiwa kutoka lile la chini. Ukisukuma la chini, yote yanasogea. Ndiyo sababu mhasibu kijana aliyeanza kazi kwa pesa iliyokuwa juu kidogo tu ya kibarua ana haki ya kuuliza mshahara wake umeenda wapi, na ndiyo sababu wakubwa wengi wa kazi hawapendi swali hilo.

Hesabu ya kampuni ya watu ishirini

Tuchukue kampuni ya kusafisha, ya ulinzi au ya kupikia wafanyakazi wa mgodi, yenye watu ishirini wa daraja la chini. Mwezi unahesabiwa siku 26 za kazi. Kwa kiasi cha zamani, mfanyakazi mmoja aligharimu faranga 183,950 za mshahara. Ongeza asilimia 13 ambazo mwajiri analipa kwenye CNSS na asilimia 3 za INPP zinazolipwa na kampuni yenye watu wasiozidi 50: jumla 213,382. Kwa watu ishirini, milioni 4 na laki 2 na kitu.

Kwa kiasi kipya, mshahara ni 559,000. Na michango ile ile unafika 648,440 kwa mtu mmoja, karibu milioni 13 kwa ishirini. Mfanyakazi naye anakatwa asilimia 5 ya CNSS, anabaki na 531,050 kabla ya kodi.

Kampuni kubwa za mgodi hazitikiswi sana na hesabu hii, kwa sababu wafanyakazi wao walioandikwa moja kwa moja walikuwa tayari juu ya kiasi hicho. Inayotikiswa ni ile kampuni ya watu ishirini. Nyingi kati ya hizo zinaishi kwa mkataba mmoja na kampuni kubwa, wenye bei iliyoandikwa kwa dola, uliotiwa sahihi kabla ya agizo la 2025. Bei haikupanda pamoja na SMIG. Halafu mnamo Septemba na Oktoba 2025 likatokea jambo ambalo wachache walilitarajia: faranga ikapata nguvu kwa haraka, dola ikashuka chini ya 2,500 baada ya kuwa juu ya 2,800. Wenye nyumba na wauza unga hawakukimbilia kupunguza bei zao. Lakini mwenye kampuni anayepokea dola na kulipa mishahara kwa faranga aliona shimo. Milioni 13 za mshahara, dola ikiwa 2,850, ni dola kama 4,550. Dola ikiwa 2,300, ni zaidi ya 5,600. Kazi ile ile, watu wale wale.

Ongeza kobalti. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi, kwanza kwa miezi minne, kisha mitatu zaidi, na tangu Oktoba 16 ikaweka viwango: tani 18,125 kwa muda uliobaki wa 2025, na tani 96,600 kwa mwaka 2026. Lengo lilikuwa kuinua bei, na bei ilipanda kweli. Huku Lualaba, kampuni kubwa inapopunguza mwendo, wa kwanza kuambiwa asubiri ni yule aliyekuja kwa mlango wa mkandarasi.

Watu hao si wachache. Uchunguzi wa mashirika RAID na CAJJ uliotolewa mwaka 2021 kuhusu migodi mitano mikubwa ya Lualaba ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake walikuwa wameajiriwa na kampuni za kandarasi, zile ambazo watu wa Kolwezi wanaziita tu «sutretansi». Wanavaa kofia ileile, wanapita lango lile lile, mshahara si ule ule.

Milango ya pembeni

Sheria ikipandisha bei ya mlango wa mbele, waajiri wanatafuta wa pembeni. Baadhi ya milango hiyo ilikuwapo zamani; sasa inapitwa na watu wengi.

Wa kwanza ni kazi ya kutwa. Kijana anaitwa asubuhi, analipwa jioni au mwisho wa juma, hana karatasi. Kodi ya Kazi ya Oktoba 16, 2002, iliyorekebishwa Julai 2016, inaruhusu ajira ya siku kwa siku, lakini imeweka kizuizi ambacho vijana wengi hawakijui: mtu akifanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, kisha akaitwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Waajiri, wao, wanakijua vizuri sana. Ndiyo maana katika maeneo mengi kuna desturi ya «kupumzisha» watu kabla ya siku ya ishirini na mbili na kuita kundi lingine. Wanaopumzishwa wanarudi Manika au Dilala kungoja simu.

Wa pili ni mkataba wa muda unaorudiwa-rudiwa. Hapa pia sheria iko wazi. Mkataba wa muda hauwezi kupita miaka miwili, na hauwezi kurudiwa zaidi ya mara moja isipokuwa kwa kazi chache kama zile za msimu. Na mtu anayeajiriwa kwenye kazi ya kudumu ya kampuni lazima apewe mkataba usio na mwisho. Kuendesha mashine ya kuponda mawe kwenye mgodi utakaochimbwa miaka ishirini ni kazi ya kudumu, hata kama karatasi inasema miezi sita.

Kuna pia ujanja mdogo wa karatasi ya mshahara, na huu umeanza kuonekana zaidi tangu SMIG ipande. Mwajiri anachukua pesa ya usafiri, pesa ya nyumba na hata gharama ya matibabu, anaziingiza ndani ya mshahara, halafu anasema: tazama, umefika 21,500. Haijafika. Kodi ya Kazi inataja waziwazi kwamba usafiri, nyumba, matunzo ya afya na posho ya kisheria ya watoto si sehemu ya mshahara. Zinakuja juu yake. Kijana anayepokea karatasi yake ya kwanza anafaa kuisoma mstari kwa mstari, siyo kuangalia tarakimu ya chini peke yake.

Lakini mlango unaowahusu zaidi wenye diploma ni staji.

Staji ya mwanafunzi ina mwisho wake: chuo kinatoa barua, kampuni inapokea, ripoti inaandikwa, mwanafunzi anarudi kutetea kazi yake. Staji nyingine, ile inayoitwa ya kitaaluma, haina mlezi. Kodi ya Kazi inajua mkataba wa mafunzo ya ufundi, ambao lazima uandikwe. Inajua pia kipindi cha majaribio, ambacho hakiwezi kupita mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ujuzi na miezi sita kwa wengine, na ambacho kinalipwa. Kati ya hivyo viwili ndipo inapokaa staji ya kijana wa miaka 26 aliyesoma sheria, uchumi au umeme, anayefika ofisini saa moja na nusu kama wengine, anajibu simu, anaandaa faktura, anafunga hesabu za mwezi, na mwisho wa mwezi anapewa pesa ya manseba na asante. Miezi mitatu inakuwa sita, sita inakuwa mwaka. Akiuliza, anaambiwa kuna wengine nje wenye barua zao. Na ni kweli wako.

Wakubwa wa kampuni wana upande wao, na si wa kudharauliwa. Mhandisi anayetoka chuoni bila kugusa pampu ya kweli anahitaji miezi mingi kabla ya kuzalisha chochote, na katika miezi hiyo kuna fundi mmoja mzuri anayeacha kazi yake ili amfundishe. Kijana akishajua, kampuni kubwa yenye mshahara mara mbili inamchukua. Mwenye kampuni ndogo anaona amelipia shule ya mtoto wa jirani. Sasa kwa kuwa bei ya mtu mmoja imepanda mara tatu ndani ya miezi minane, anachagua aliyekwisha kufundishwa na mwingine. Ndipo mstari ule wa miaka mitatu unaporudi kwenye ukuta wa fotokopi.

Lisansi gani?

Juu ya hayo yote, diploma yenyewe imebadilika jina bila waajiri wengi kuambiwa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vikuu vya Kongo vimeingia kwa pamoja kwenye mfumo wa LMD. Zamani mtu alisoma miaka mitatu akapata gradua, kisha miwili zaidi akapata lisansi. Sasa lisansi inapatikana kwa miaka mitatu, na baada yake kuna masta ya miaka miwili.

Matokeo yake yanachekesha kwa yule asiyetafuta kazi. Tangazo linaomba «lisansi», likimaanisha ile ya miaka mitano. Kijana wa LMD ana karatasi inayosema lisansi, anapeleka dosie, anaambiwa yeye ni gradua tu. Mahali pengine anakutana na mkuu wa wafanyakazi aliyesikia habari za mfumo mpya, naye anamkubali lakini anamweka kwenye daraja la mshahara la gradua. Hajadanganya mtu, hajapungukiwa na darasa lolote, na bado ameshuka ngazi moja kabla ya kuingia. Waliomaliza mapema na kubahatika kuendelea na masta wanajikinga. Wasiokuwa na mzazi wa kulipa miaka miwili zaidi ndio wanaobebeshwa mkanganyiko ambao hawakuutengeneza.

Kampuni chache, hasa zile zenye idara ya wafanyakazi iliyopangwa vizuri, zimeanza kuandika kwenye matangazo yao idadi ya miaka ya masomo badala ya jina la diploma. Ni mabadiliko ya mstari mmoja na hayagharimu kitu. Inashangaza kwamba FEC na vyuo havijakaa kuyafanya kuwa desturi ya wote.

Pesa ya mafunzo iko wapi

Mtu anaweza kusema kijana afundishwe na nani basi, ikiwa mwajiri hataki na chuo hakina pampu. Kwa sheria, jibu lipo. INPP, Taasisi ya Taifa ya Matayarisho ya Ufundi, iliundwa mwaka 1964 kwa kazi hiyo hasa. Inaishi kwa michango ya waajiri: asilimia 3 ya mishahara kwa kampuni binafsi zenye watu hadi 50, asilimia 2 kwa zile za watu 51 hadi 300, asilimia 1 kwa zilizo kubwa zaidi. Kituo chake cha Lubumbashi kimejengwa upya kwa msaada wa Japani, na kinafundisha kuchomelea, umeme wa viwanda, ubaridi, makanika ya magari na mambo mengine ambayo Lualaba na Haut-Katanga zinayahitaji kila siku.

Kwa muda mrefu INPP ilidhaniwa ni mahali pa walioshindwa shule. Fikra hiyo inaisha. Siku hizi unakuta mwenye diploma ya uhandisi amekaa benchi moja na kijana wa darasa la sita la sekondari, wote wakijifunza kushika chuma. Mhandisi huyo hajarudi nyuma. Amegundua kwamba mbele ya mlango wa kampuni, cheti cha miezi michache chenye picha ya kazi ya mikono kinaweza kumsaidia zaidi ya miaka mitano ya hesabu. Wengine jioni wanajifunza Kichina, kwa kuwa waajiri wengi wa Kolwezi wanazungumza lugha hiyo na mkalimani anayejua pia majina ya vipuri hapatikani kirahisi.

Ajabu ni kwamba waajiri wanaolalamika kuwa vijana hawajui kitu ndio wale wale wanaolipa mchango wa INPP kila mwezi kama kodi nyingine, bila kuomba kitu mbadala. Hiyo pesa ni yao pia. Wanaweza kupeleka watu wao kufundishwa, wanaweza kuomba mafunzo yapangwe kwa ajili ya kiwanda chao. Kampuni ya watu ishirini tuliyoitaja inalipa faranga 335,400 kwa mwezi kwa SMIG mpya. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 4.

Kampuni kubwa nazo zina wajibu ambao hausemwi sana. Sheria ya Februari 8, 2017 kuhusu kandarasi ndogo inajulikana kwa jambo moja: kazi za kandarasi ziende kwa kampuni zenye mtaji mwingi wa Wakongomani na zilizoanzishwa na Wakongomani. Mamlaka ya ARSP, inayoongozwa na Miguel Katemb, imepiga kelele sana juu ya jambo hilo, na Rais Félix Tshisekedi mwenyewe amesema anataka kuona mamilionea wa Kikongomani wakitokea huko. Lakini sheria hiyo hiyo inazitaka kampuni kuu ziwe na mpango wa mafunzo wa kuwapa Wakongomani ufundi na ujuzi unaotakiwa. Upande wa mamilionea umezungumzwa redioni mara nyingi kuliko upande wa mafunzo.

Kufungua mlango wako mwenyewe

Ndiyo maana vijana wengine wameamua kutosubiri. Wawili au watatu waliosoma pamoja wanakwenda Guichet Unique, wanaandikisha kampuni, wanaomba cheti cha ARSP, wanaanza kutafuta kazi ndogo: kukagua vizima-moto, kutengeneza kompyuta, kupima ardhi, kushona mavazi ya usalama. Tangu Septemba 2022 kuna hata sheria maalumu ya kukuza ujasiriamali na kampuni changa, na mashindano ya mipango ya biashara yanayogharamiwa na Benki ya Dunia yamewapa baadhi yao mtaji wa kuanzia.

Kupata cheti si kupata kazi. Kampuni changa inashindana na nyingine iliyo na jina la Mkongomani kwenye karatasi na mwenye pesa wa kigeni nyuma ya pazia, ujanja ambao kila mtu Lualaba anaujua na ambao ARSP inasema inaupiga vita. Hata inapopata kazi, inakutana na swali la malipo. Sheria inataka kampuni kuu itoe malipo ya mwanzo ya asilimia 30. Pale yasipotolewa, kijana ananunua vifaa kwa mkopo wa shangazi, anamaliza kazi, anapeleka faktura, kisha anangoja miezi miwili, mitatu. Wakati huo ana wafanyakazi wanne wa kulipa, nao wamesikia habari za 21,500 redioni kama yeye.

Hapo ndipo aliyekuwa mlangoni mwaka jana anajikuta upande wa pili wa meza. Anahitaji mtu wa kuandika faktura na kufuatilia malipo. Pesa ya mshahara mzima hana. Anafungua kompyuta kuandaa tangazo la kubandika kwenye ukuta wa fotokopi, na kwenye mstari wa masharti anasimama, akifikiri aandike staji au kazi, na aombe miaka mingapi.